Matrekta Yaliyotumika Katika Nchi ya Vilima: Historia na Mafunzo Yake

Chama kinapotimiza miaka kumi, desturi ni kuhesabu magunia yaliyopimwa, maghala yaliyojengwa na fedha zilizofika mikononi mwa wakulima. Hesabu hizo tunawaachia wenye kuzitunza. Sisi tumeonelea vema kuandika habari ya jambo ambalo halijamalizika, nalo huzuka katika mikutano ya vyama vyetu vya msingi kila mara ufuta na korosho zinapouzwa vizuri: je, tununue trekta? Na kwa kuwa bei ya trekta jipya hutushinda, swali la pili hufuata: katika matrekta madogo yaliyokwisha kutumika, tuchague lipi la kusafishia na kulimia mashamba yetu ya vilimani?

Wako wadhanio kwamba swali hili ni la juzi. Sivyo. Nchi hii ya Nachingwea, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Ruangwa na Nandagala yetu, ilikwisha kulipa ada ya somo hilo, na ada yenyewe ilikuwa kubwa mno.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu wakiongozwa na Bwana John Wakefield walizunguka nchini, na mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ikatangaza mpango wa kulima ekari 3,210,000, katika mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Mengi yalikuwa ya Tanganyika, na sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini, ambako Nachingwea ndiyo iliyofanywa makao. Kazi ilianzia Kongwa katika mwaka huo huo wa 1947. Mwaka 1948 kampuni ya United Africa ikakabidhi mambo yote kwa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation.

Hapo ndipo yalipoingia matrekta yaliyotumika. Dunia ilikuwa imetoka vitani, na viwanda havikuweza kutoa mashine mpya za kutosha. Wakubwa wa mpango hawakutaka kungoja. Walinunua mashine zilizoachwa na majeshi, nyingine zikiletwa kutoka Ufilipino zikiwa zimekwisha kukaa juani na mvuani. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza nacho kilichukua vifaru vya vita vya aina ya Sherman, kikavigeuza kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kwa nguvu, mashine hizo zilikuwa za kutisha. Lakini nguvu si kazi. Vipuri vya aina nyingi namna ile havikupatikana, mafundi walikuwa wachache, na madereva wengi walifundishwa upesi upesi. Ardhi ya Kongwa ilikuwa na changarawe kali iliyokula vyuma vya majembe, na mizizi ya vichaka vyake ilikuwa migumu kuliko walivyokadiria. Kabla mwaka 1947 haujakwisha, sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imelala karakanani. Walikuwa wamekusudia ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Huku kwetu kusini ilibidi kwanza itengenezwe njia ya kupitishia mashine. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, katika hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilianzwa mwaka 1948 ikakamilika mwaka 1954. Lakini kabla bandari haijakamilika, mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuanguka. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Mashamba yaliyobaki yaliendeshwa kwa kiasi kidogo, na mwaka 1955 yakakabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962.

Twapenda wanachama watazame jambo moja ambalo wengi hulipita. Katika miaka ile ile ambayo mashine zile zilikuwa zikiharibika, na katika miaka iliyofuata, mkulima wa kusini alikuwa akipanda mikorosho kwa panga na jembe la mkono, mti mmoja mmoja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi, na nyingi zilitoka kusini. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga ikapakia korosho. Hatusemi haya ili kulitukuza jembe la mkono. Migongo yetu yajua uzito wake. Twasema ili ijulikane kwamba mali ya nchi hii ilitokana na kazi iliyolingana na ardhi na uwezo wa mwenye kuifanya.

Serikali yetu yenyewe ilijifunza hayo baada ya Uhuru. Tangu mwaka 1963 ilianzisha vijiji vya makazi vilivyopewa matrekta na fedha nyingi. Mwaka 1966 ikatangaza kwamba vijiji vipya vya gharama namna hiyo havitaanzishwa tena, maana madeni yalishinda mavuno. Mwaka 2009 ulipokuja wito wa Kilimo Kwanza, matrekta madogo ya mkono, yaani pawatila, yaligawanywa wilayani. Katika majaruba ya mpunga yalifaa. Katika ardhi kavu na ngumu mengi yalirukaruka bila kuzama. Kosa halikuwa la pawatila. Lilikuwa la kulipeleka mahali ambapo halikutengenezewa.

Sasa tuje katika uchaguzi wa leo. Wauzaji hutuletea matrekta yaliyotumika ya namna mbili hasa. Ya kwanza ni yale madogo kutoka Japani, ya Kubota, Yanmar au Iseki, yenye nguvu za farasi 15 hadi 30, na mara nyingi uzito wake haufiki tani moja. Mengi huvuta kwa magurudumu yote manne, hutumia mafuta machache, na huonekana safi. Ya pili ni yale ya zamani ya Massey Ferguson, kama lile la 135 lililotengenezwa tangu mwaka 1964 hadi 1975, lenye nguvu za farasi 45 hivi na uzito wa tani moja na nusu hivi, pamoja na wadogo zake waliofuata.

Trekta la Kijapani lilitengenezwa kwa majaruba ya mpunga, yaani ardhi tambarare na laini. Ni jembamba ili lipite kati ya matuta, na wembamba huo ndio hatari yake ubavuni mwa kilima. Maandishi yake ni ya Kijapani, na aina nyingine hazikuuzwa kamwe nje ya Japani, hata vipuri vyake ni vya kuagizwa. Lile la Massey Ferguson lina upana zaidi, magurudumu yake ya nyuma huweza kutanuliwa, na vipuri vyake vimezoeleka nchini. Lakini linavuta kwa magurudumu mawili tu, na lile la 135, hata lililo changa kuliko yote, limekwisha kupita nusu karne. Rangi mpya haipunguzi umri.

Lipi basi? Jibu letu ni hili: kabla ya kuuliza bei, tuulize ni fundi gani aliye karibu nasi anayelijua, na kipuri chake kitafika kwa siku ngapi. Mvua zetu huanza Novemba. Trekta linalongoja kipuri hadi Januari limekwisha kuupoteza msimu. Tumepata kuona trekta zima limelala chini ya mkorosho misimu miwili kwa kukosa mpira mmoja wa pampu ya mafuta. Mwenyewe alijisifu kwamba alilipata kwa nusu ya bei. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na pale tuliiona ghali yenyewe ikiota kutu.

Pili, trekta litazamwe likiwa baridi. Muuzaji akikutangulia akaliwasha kabla hujafika, ngoja lipoe. Moshi mweusi usiokoma, au wa samawati, au mweupe usioisha hata injini ikipata moto, kila mmoja ni dalili ya ugonjwa. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Jembe liinuliwe, injini izimwe: likishuka upesi, haidroliki imechoka. Breki za kulia na kushoto zijaribiwe kila moja peke yake kisha pamoja, kwa maana mteremkoni breki moja ikishika peke yake trekta hugeuka ghafula.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni uhai wa dereva. Trekta likikata ubavu wa kilima hupinduka kiubavu. Likivuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli hunyanyuka mbele na kumwangukia dereva kwa muda usiofika sekunde mbili. Mnyororo hufungwa katika ndoano ya chini tu. Uswidi iliamuru tangu mwaka 1959 kwamba matrekta mapya yawe na kinga ya chuma ya kumlinda dereva yanapopinduka, na vifo vikapungua sana. Matrekta mengi yaliyotumika hayana kinga hiyo. Bei yake na bei ya mkanda wa kitini yahesabiwe katika bei ya trekta, wala isiachwe kwa mwaka ujao.

Wala tusilitwike trekta dogo kazi ya tingatinga. Miti na ikatwe kwa shoka, visiki vichimbuliwe kwa sururu, na trekta lije baadaye kukokota magogo na kulima. Ubavu mkali wa kilima usilimwe nalo kabisa. Ardhi hutaka ilimwe kwa kukingama na mteremko ili mvua isiichukue, na dereva hutaka apande na kushuka moja kwa moja ili asipinduke. Mahali ambapo haja hizi mbili haziwezi kupatana, pana kazi ya makinga maji na mikorosho, si ya trekta. Tambarare za bondeni ndizo zimpatiazo riziki mwenye trekta.

Ndugu wanachama, ile serikali iliyopoteza pauni milioni 36 ilibaki serikali. Chama cha msingi kikipoteza akiba ya misimu mitatu, wanachama hutawanyika, na kuwarudisha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo siku mkutano utakapopiga kura ya kununua, mwenyekiti asiulize tu nani anakubali. Aulize kwanza: fundi wetu ni nani, vipuri vitatoka wapi, ni ekari ngapi zetu zilizo tambarare, na nani atakayekaa juu ya kiti kile. Mkutano ukiweza kujibu hayo manne, na ununue. Usipoweza, na ukodi trekta msimu mmoja zaidi huku ukiweka akiba. Kukodi si aibu, na kilima hakitahama.