Nyumba za Udongo za Zinga na Mikono Iliyozikandika

Mradi wa ujenzi unaowashirikisha wanakijiji husifiwa siku hizi kama jambo jipya. Katika Zinga na vijiji jirani vya kusini mwa Bagamoyo, ushirika huo ni wa kale. Mwenye nyumba alichimbia nguzo na kufunga fito, fundi akapaua, kisha majirani wakaitwa kukandika. Wanawake walibeba maji, wengine wakakanyaga udongo mpaka ukalainika. Aliye ndani akasukuma donge likutane na la aliye nje. Malipo yalikuwa chakula, pamoja na deni la kwenda kukandika kwa mwenzako. Kwa maoni yangu deni hilo ndilo lililoidumisha nyumba, maana masika yakibandua ukuta, watu wa kuuziba walikuwapo.

Atakayepinga ataelekeza kidole kwenye magofu ya Kaole, kwenye msikiti wa matumbawe unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kusema kwamba hayo ndiyo majengo ya kweli ya pwani hii. Lakini chokaa ya kujengea mawe hayo nayo ilidai mikono mingi: kukata matumbawe, kupanga magogo, kuchoma tanuri. Mawe yalibaki, mji ukahama. Udongo hauachi magofu, ndiyo maana historia yake hudharauliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na watu wakajenga kwa mikono yao wenyewe. Je, huo haukuwa ujenzi wa jamii? Shule, zahanati na visima vilipatikana, na faida hiyo haikanushiki. Ila mahali pa kujenga na mpangilio wa nyumba mara nyingi viliamuliwa na maofisa. Nguvu kazi ya wananchi pasipo kauli yao haitoshi.

Wala sisemi udongo hauna kasoro: mbu hupenya upenuni, na boriti za mikoko zimepungua. Kijijini Magoda, wilayani Muheza, wasanifu kutoka Denmark walijenga nyumba sita zenye kuta za kupitisha hewa, nyingine za ghorofa, na mbu wakapungua ndani. Mabadiliko ya namna hiyo nayaunga mkono. Wanaoleta michoro ya nyumba Zinga nawaomba kwanza wakae barazani na watakaolala humo, wakubaliane nao ukuta ukibomoka nani atauziba, na kwa kitu gani kinachopatikana hapohapo.