Mwakenya wa Volkswagen

Kila mtu aliyepita shule za Kenya anajua mwakenya. Ni kale kakaratasi unakunja mara nane, unaficha kwa soksi, halafu unaomba msimamizi asipite karibu na dawati lako. Leo tuongee kuhusu mwakenya mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Huu haukuwa kwa soksi. Ulikuwa ndani ya kompyuta ya gari, na magari yenyewe yalikuwa kama milioni 11.

Iko hivi. Septemba 18, 2015, EPA, shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira, liliianika Volkswagen hadharani. Kampuni ilikuwa ikiuza magari yake kwa jina tamu la "dizeli safi", kumbe ndani kuna programu inayojua gari linapopimwa. Mtihani wa moshi hufanyiwa maabara: gari linapandishwa juu ya roli za chuma, magurudumu yanazunguka lakini gari haliendi popote, na usukani haugeuki. Programu ikiona dalili kama hizo, inawasha usafishaji wote wa moshi. Gari linapita mtihani kama malaika. Likitoka barabarani, usafishaji unapunguzwa, na gari linatoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango cha sheria. Hizo ndizo gesi zinazochokoza mapafu na kumkaba zaidi mtu mwenye pumu.

Wengi husimulia hii stori kama ya kampuni moja iliyopotoka. Historia inakataa. Mwaka 1973, EPA hiyo hiyo iliilaumu Volkswagen hiyo hiyo kwa vidude vya kuzima usafishaji wa moshi. Kesi ikaisha 1974 kwa faini ya dola 120,000, pesa ya chai kwa kampuni kama hiyo. Mwaka 1995 ilikuwa zamu ya General Motors. Mtihani wa wakati huo ulifanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na Cadillac zake zilikuwa zikimimina petroli zaidi kiyoyozi kikiwashwa. Ukipimwa, safi. Ukisikia joto ukawasha kiyoyozi, uchafu unaongezeka. Walilipa karibu dola milioni 45. Mwaka 1998, watengenezaji 7 wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins na Volvo, walikubali mapatano ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mchezo wa aina hiyo kwenye injini milioni 1.3 hivi.

Kwa hivyo 2015 mwanafunzi hakuwa mgeni darasani. Swali langu ni moja: nani alimshika?

Hakushikwa na mtihani. Mtihani alikuwa anaupita. Alishikwa na watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa bajeti isiyofika dola 100,000. Shirika la ICCT liliwapa kazi ya kupima magari 3 ya dizeli, na hawakuwa wanawinda mwizi. Walitarajia kuonyesha Ulaya kwamba dizeli ya Marekani ni safi. Walichofanya ni kitu ambacho fundi yeyote wa jua kali angekielewa: walitoa mitambo maabara, wakaifunga nyuma ya gari, wakaendesha barabarani kama watu wa kawaida. Moja ilifika Seattle kutoka Los Angeles na kurudi. BMW ilifanya vizuri kwa sehemu kubwa. Jetta ya Volkswagen ilipita kiwango mara 15 hadi 35. Passat mara 5 hadi 20. Ripoti ikatoka Mei 2014, maafisa wakaanza kuuliza maswali, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa visingizio kampuni ikakiri. Mkurugenzi wake mkuu, Martin Winterkorn, akajiuzulu siku 5 baada ya tangazo la EPA. Mwaka 2017 kampuni ikakubali makosa mahakamani Marekani na kulipa dola bilioni 4.3.

Aprili 2016 ikawa Mitsubishi, huko Japani. Wao walidanganya kuhusu mafuta ambayo gari linakunywa, kwenye magari madogo kama 625,000, mengine yakiuzwa kwa jina la Nissan. Walishikwaje? Nissan ilipima yenyewe, namba zikakataa kulingana. Machi 2022 Hino, kampuni ya malori iliyokuwa chini ya Toyota, ikakiri kughushi data za moshi na mafuta za injini zake. Uchunguzi ukaonyesha mchezo ulianza angalau 2003.

Sasa kuna wale wataniambia: "Wewe ni mtu wa Kulesa, kijiji cha mtoni huko Tana, hayo mambo ya Marekani na Japani yanakuhusu na nini?"

Yananihusu kwa sababu magari ya mitumba yanayoingia Kenya yanatoka zaidi Japani, na mengine Uingereza. Uingereza peke yake ilikuwa na karibu milioni 1.2 ya yale magari ya Volkswagen, na usukani wa huko uko kulia kama wetu. Mwaka 2020 UNEP, ambayo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri, ilitoa ripoti kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari ya mitumba milioni 14, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi. Gari linashuka Mombasa, linazeekea Nairobi, na likichoka kabisa linaletwa kwetu mashambani kubeba maembe. Sisi ndio kituo cha mwisho. Mama anayeuza maembe kando ya barabara Garsen anavuta moshi wa kila lori linalowasha injini mbele ya meza yake, na mapafu yake hayajui gari lilipita mtihani gani.

Tuwe wakweli, kuna kitu tumefanya. Kenya hairuhusu gari la mitumba la zaidi ya miaka 8. Na Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ni kubwa sana, kwa sababu salfa nyingi huharibu vichujio vya moshi. Yaani tulileta mafuta safi ili vichujio vifanye kazi. Halafu kuna gereji zinatoa kichujio chenyewe! Kikiziba, mwenye gari anaambiwa kipya ni bei ghali, afadhali kitolewe na kompyuta idanganywe kwamba bado kipo. Umeona hapo? Ni mwakenya ule ule wa Volkswagen, ila sasa tunauandika wenyewe.

Na matatu siku ya ukaguzi? Usijifanye hujui. Tairi za kuazima, mikanda mipya, dereva mpole. Kesho yake kila kitu kimerudi kwa mwenyewe.

Shida yetu ni kwamba tunaamini karatasi. Umri wa gari uko kwa karatasi. Ukaguzi uko kwa karatasi. Kanuni za ubora wa hewa za 2014 ziko kwa karatasi, na zimeandikwa vizuri tu. Lakini ukisafiri kutoka Malindi hadi Garsen utaulizwa leseni na bima, utahesabiwa abiria. Mimi sijawahi kuona mtu ameweka kipimo kwa ekzosi.

Najua jibu: "Bro, tukianza kupima moshi maskini watatoka barabarani." Hiyo hoja naiheshimu, kwa sababu bodaboda na malori mabovu ndiyo yanalisha watu wangu. Lakini utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba moshi wa dizeli uliozidi viwango ulisababisha vifo vya mapema kama 38,000 duniani mwaka 2015 pekee. Maskini tayari analipa, ni vile tu risiti anapewa hospitalini.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina shahada ya kukuwekea mezani. Lakini hapa shahada haihitajiki. Kila mara historia inasema kitu kile kile: anayepangiwa mtihani na kuambiwa siku, atabeba mwakenya. Anayepimwa ghafla akiwa njiani hana pa kuuficha. Kipimo cha moshi kikae pale tunapoulizwa leseni. Kaunti inaweza kuanza na kimoja tu, barabara moja, siku yoyote bila tangazo.

Gari lenu mtaani lilipimwa moshi lini mara ya mwisho, na lilipimwa wapi? Niambieni huko chini.