Mionzi kwa kansa iliyofika kwenye ini

Makala hii inahusu kansa iliyoanzia mahali pengine mwilini, kama utumbo mpana, titi au pafu, kisha ikafika kwenye ini. Si sawa na kansa inayoanzia ndani ya ini lenyewe, ambayo huku kwetu mara nyingi hutokana na virusi vya hepatiti B. Familia nyingi huchanganya hizo mbili, na matibabu yake hayafanani.

Damu inayotoka matumboni hupita kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ndiyo sababu seli za kansa ya utumbo hunasa huko. Kwa kawaida kimioterapia hutangulia. Uvimbe ukiwa mmoja au michache, upasuaji hufikiriwa.

Zamani madaktari waliogopa kulipiga ini lote mionzi, maana huweza kuharibika kwa kipimo cha grei 30 hivi, nacho hakitoshi kuua uvimbe. Leo kuna mashine zinazotuma miali kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe tu, mara nyingi kwa vipindi 3 hadi 5. Nchi tajiri hutumia pia vishanga vidogo sana vya itriamu-90, vinavyopitishwa ndani ya ateri ya ini, kwa kuwa uvimbe hujilisha hasa kwa ateri hiyo.

Njia inayotuhusu zaidi sisi wachungaji ni ya tatu. Kansa ikijaa kwenye ini, ini huvimba na mgonjwa huumia chini ya mbavu za kuume, halali usiku. Grei 8 kwa siku moja tu zinaweza kumpunguzia. Katika utafiti wa Kanada uliotolewa 2024, baada ya mwezi mmoja maumivu yalipungua kwa asilimia 67 ya waliopata mionzi, na kwa asilimia 22 ya waliopata huduma ya kutuliza peke yake. Kichefuchefu na uchovu wa siku chache hutokea. Wala si dawa ya kuponya, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo.

Wagonjwa wa Goma na Bukavu hutazama Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe. Wa Beni na Bunia hutazama Mulago, Kampala. (Mashine ya Kampala iliharibika 2016, nyingine ikaanza kazi 2018, kwa hiyo pigeni simu kabla ya safari.) Kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari waziwazi: mionzi hii ni ya kuponya ao ni ya kutuliza? Kutuliza nako ni kazi njema, lakini shamba la watoto ni jambo lingine.

Wazee wakienda kupaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoagiza, wasimwambie mgonjwa aache morfini. Na anayesafiri abebe matokeo ya biopsi, picha za skana na karatasi za kimioterapia. Bila hizo ataanzishwa upya kwa gharama yake.