Kondoo wa kanisa na sheria ya kamari: uzi kutoka Kisumu

1/ Kila mjadala wa kamari ukichacha nasikia pande mbili tu. Mmoja: "Fungeni, vijana wetu wanaisha!" Wa pili: "Msifunge, hiyo ni kodi na ni kazi za watu." Kuna wa tatu hasikiki kabisa: kikundi cha akina mama kinachouza tiketi za shilingi 50 ili kiezeke darasa. Uzi wa leo ni wao.

2/ Naanza na yangu. Miaka kadhaa iliyopita paa la kanisa letu huku ufuoni lilikuwa linavuja. Sisi vijana tukachapisha tiketi. Zawadi: kondoo mmoja. Tumeuza wiki nzima sokoni, mzee mmoja akatuuliza, "Na leseni ya bahati nasibu mnayo?" Tukaangaliana. Tukarudisha pesa za watu, na deni la mchapishaji tukalilipa wenyewe.

3/ Mzee alikuwa sahihi. Kwa macho ya sheria, ukilipia tiketi na mshindi akapatikana kwa kura, hiyo ni bahati nasibu. Iwe ni ya kondoo au ya mamilioni.

4/ Hii ilianzia wapi? Uingereza, mwaka 1934, walitunga sheria ya kamari na bahati nasibu. Ilikataza bahati nasibu kwa jumla, lakini ikaachia zile ndogo za kwenye sherehe na maonyesho. Masharti: zawadi isiwe pesa taslimu, tiketi ziuzwe na mshindi atangazwe palepale, na mtu asitie faida mfukoni.

5/ Kenya ikatunga yake 1966, ile tunayoiita Cap 131. Msingi ni uleule: bahati nasibu imekatazwa, ila kwa milango iliyofunguliwa na sheria. Ikaundwa Bodi ya kutoa leseni. Na bahati nasibu ya umma ilitakiwa kupeleka angalau asilimia 25 ya mauzo kwa lile jambo jema lililotangazwa.

6/ Mwaka huohuo wa 1966 ndipo ilipoanza Kenya Charity Sweepstake. Wazee wetu wanazikumbuka tiketi zake. Angalia jina: hisani imo ndani. Yaani siku hizo kubahatisha kulikubalika kwa sababu kulibeba mzigo wa jamii.

7/ Na harambee je? Hiyo ina sheria yake, Public Collections Act ya 1960, iliyotungwa hata kabla ya uhuru. Pia inataka kibali. Kwa njia ya harambee watu wa Nyanza walichanga miaka ya 1970 wakajenga chuo cha RIAT hapa Kisumu. Kuchanga tunakujua sana.

8/ Tofauti ni hii: ukitoa kwenye harambee, umetoa. Ukinunua tiketi ya kondoo, umetoa lakini pia unatumaini. Hilo tumaini dogo tu ndilo linakuhamisha kutoka sheria moja hadi nyingine.

9/ Halafu simu zikaja. M-Pesa 2007, na miaka michache baadaye kubeti kukaingia mfukoni. Kondele, Nyalenda, hadi Dunga, kijana habanduki kwenye simu. Kampuni za kubeti zikawa wafadhili wa mpira. Gor Mahia nayo ikavaa jina la mojawapo.

10/ Julai 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Mwezi uliofuata ufadhili wa Gor ukakatika, na klabu ikarudi kuwaomba mashabiki wachange. Mnaona? Pesa za kamari zilikuwa zimekalia kiti cha mchango wa jamii. Ziliponyanyuka, wakaitwa walewale wa zamani.

11/ Ongeza Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kusimamia kamari, halafu linaipa serikali kuu "kamari ya kitaifa". Sasa katibu wa kikundi pale Kibuye aanzie ofisi gani?

12/ Agosti 2025 ikatiwa saini sheria mpya, Gambling Control Act, ya kuchukua nafasi ya Cap 131 na kuleta mamlaka mpya badala ya Bodi. Mijadala mingi niliyoisikia ilihusu kubeti kwa simu, matangazo na watoto. Ni sawa, hapo ndipo nyumba inaungua. Lakini kondoo hakutajwa.

13/ Sisemi tuache mlango wazi bila bawabu. Matapeli wanalipenda sana neno "hisani". Mtu anaweza kufungua namba ya malipo, aweke picha ya mtoto mgonjwa, na pesa zisifike hospitali. Mzee aliyetuuliza leseni alikuwa anatulinda pia.

14/ Ninachotaka ni kipimo. Mchezo wa siku moja, mahali pamoja, zawadi isiyo pesa, na hesabu zikibandikwa mlangoni Jumapili inayofuata: huo uandikishwe kwa fomu moja, karibu na nyumbani, bila ada ya kuumiza. Mizigo mizito wabebeshwe wakubwa.

15/ Kwa hiyo mwanasiasa akija kwenu na hoja ya kamari, muulize swali moja: "Na sisi wa kondoo, umetuweka wapi?" Akibabaika, mjue hajaisoma.

Paa letu? Tulilimaliza kwa harambee. Ilichukua miaka miwili, na mvua mbili za masika zilitukuta ndani.