Ughali wa Unguja na Uwanda wa Mkata

Zamani ulikuwapo msemo kwamba zumari ikipigwa Unguja, hucheza walio kando ya maziwa makuu. Waandishi wengi wameutumia kuonyesha nguvu za kisiwa kile katika karne ya 19, nao ni wa kweli kwa upande mmoja. Upande wa pili haukutungiwa msemo: kwamba mpiga zumari naye hula, na sehemu kubwa ya chakula chake ilitoka kwa hao hao waliokuwa wakicheza. Bei ya mchele, kodi ya nyumba, ujira wa hamali, na amani ya mtu katika kibanda chake ni mambo ya Unguja, lakini hayaelezeki vema kwa habari za Unguja peke yake. Yafaa yatazamwe pia kutoka bara, na mahali pamoja pafaapo ni Dumila.

Dumila imo katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, penye barabara kuu iendayo Dodoma. Kusini yake umelala uwanda wa Mkata, ambao wakati wa masika hugeuka ziwa la matope. Maji ya nchi hiyo huingia katika mto Wami, na Wami huingia baharini kati ya Saadani na Bagamoyo, mkabala wa Unguja. Mvua inyeshayo katika milima ya Ukaguru na Unguu huishia katika mlango wa bahari ule ule upitao majahazi ya Waunguja. Watu, pembe na nafaka vilishika mwelekeo huo huo wa maji, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilizoea kuvuka uwanda wa Mkata kabla ya kupanda milima ya Usagara.

Asili ya ughali wa Unguja ni mkarafuu. Miche ya kwanza ililetwa kisiwani yapata mwaka 1818, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, aliwahimiza wenye mashamba kuipanda kwa wingi. Bei ya karafuu ilikuwa nzuri mno, na kila mwenye ardhi alitamani fungu lake. Mashamba ya vyakula yakakatwa ili kupisha mikarafuu. Hata bei ilipoanguka katika miaka ya 1840 kwa sababu ya wingi wa mazao, miti ilikuwa imekwisha shika ardhi, wala mwenye mti uliomgharimu miaka ya kuulea haung'oi upesi ili apande muhogo. Basi kisiwa chenye rutuba na mvua kikawa hakijilishi. Nafaka ilinunuliwa Mrima, na mchele uliletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Tangu siku hizo Mwunguja maskini amekuwa akila kwa bei iliyopangwa mbali naye, na bei hiyo haikujali kama karafuu ya mwaka ule ilizaa au haikuzaa.

Bara ililipa zaidi ya nafaka. Mikarafuu ilihitaji watu wa kuichuma, na watu hao walitekwa. Nchi za Usagara, Unguu na Uluguru zilikuwa karibu na pwani, na ukaribu huo ukawa balaa kwao. Njaa ilipoingia Uzigua katika miaka ya 1830, wako waliojiuza wenyewe au kuwauza jamaa zao kwa chakula, wakavushwa bahari. Kwa watu hao swali la kumudu maisha na swali la usalama yalikuwa swali moja: aliyekosa chakula alikosa na nafsi yake. Wengine walitafuta usalama kwa njia nyingine. Kisabengo, Mzigua mwenye nguvu, alikusanya wafuasi, na miongoni mwao walikuwamo watumwa waliotoroka, akajenga mji wenye boma la mawe chini ya milima ya Uluguru. Mji huo, ulioitwa Simbamwene, ulirithiwa na binti yake, nao ndio mwanzo wa Morogoro. Ukuta wa Simbamwene kwa hiyo wahesabika katika historia ya bei ya karafuu, kwa kuwa ulijengwa wakati ambapo mtu mwenyewe alikuwa bidhaa.

Yako mambo mawili yaliyotokea karibu kwa pamoja, nayo yaonyesha jinsi hatari za bara na za kisiwa zilivyofungamana. La kwanza ni kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja siku hizo, alifuatia njia ya ugonjwa huo akaona kwamba ulishuka kutoka bara kwa njia za misafara, ukafika pwani, ndipo ukavuka. Mji uliojaa watu, wenye visima vifupi na vyoo karibu ya visima, haukuwa na kinga, na walioanguka kwa wingi walikuwa watumwa na maskini.

La pili ni tufani ya Aprili 1872. Upepo uliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mara nyingi tufani hiyo husimuliwa kama msiba wa kisiwa tu. Lakini Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka Ujiji, alivuka uwanda wa Mkata katika siku hizo akaukuta umefunikwa na mafuriko. Alipata habari za vijiji vilivyochukuliwa na maji mabondeni, na alipofika Simbamwene aliona kwamba mto umebomoa sehemu ya boma. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Mwenye shamba aliyepoteza miti akapoteza na njia ya kupata mikono ya kuipanda upya, naye akakopa. Katika deni hilo yamo mengi yaliyofuata, kwa maana shamba lililowekwa rehani halina subira kwa mtu anayelilima.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba kwa masheha na majumbe. Barghash alilalamika kwamba nchi hizo ni zake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akanyamaza. Mwaka 1890 Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Yaweza kusemwa kwamba hapo ndipo Unguja ilipofanywa kisiwa. Kabla ya hapo ilikuwa kisiwa katika ramani tu, kwa kuwa soko lake na ghala lake vilikuwa bara. Baada ya hapo kati yake na Mkata ulikuwapo mpaka wa dola mbili, wenye forodha na ushuru.

Utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, wenye mashamba walihitaji watu wa kupalilia, na watu walihitaji mahali pa kukaa. Yakazuka maafikiano yasiyoandikwa: mtu alipewa ruhusa ya kujenga kibanda na kupanda muhogo, ndizi na viazi kati ya mikarafuu, naye akapalilia miti ya mwenyewe. Miti ilikuwa ya tajiri, na mazao ya chini yalikuwa yake. Waliokaa hivyo walikuwa watumwa wa zamani pamoja na wageni kutoka bara waliovuka kwa msimu wa kuchuma karafuu na kulipwa kwa pishi. Kijishamba hicho ndicho kilichowawezesha kuishi katika kisiwa ghali kwa ujira mdogo. Palipokuwa na muhogo mlangoni, bei ya mchele wa dukani haikuua.

Mjini hapakuwa na muhogo mlangoni. Maskini walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, juu ya ardhi ambayo wengi waliijua kuwa ya wakfu, au iliyotolewa na mabwana wa zamani kwa watu wao. Ardhi ilipoanza kuonekana kuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa, kodi ya kiwanja ilipanda. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na hoja yao ilikuwa wazi: nyumba ni yangu, nimeijenga kwa mikono yangu, kwa nini nitozwe kila mwezi kwa udongo ulio chini yake? Mgomo huo uliilazimisha serikali kuingia kati ya mwenye kiwanja na mwenye nyumba.

Vita Kuu ya Pili ilidhihirisha udhaifu wa kisiwa hiki kuliko jambo jingine. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942, mchele uliotegemewa ukakatika. Serikali iligawa chakula kwa kipimo, na kipimo hicho kilifuata kabila: aliyeandikwa kuwa Mwarabu au Mhindi alihesabiwa kuwa mla wali, na aliyeandikwa kuwa Mwafrika alielekezwa kwenye nafaka nyingine. Hivyo jina la kabila, ambalo zamani lilikuwa habari ya nasaba na heshima, likawa habari ya sahani. Vita vikaisha na bei zikabaki juu. Mnamo Agosti 1948 mahamali wa bandarini, ambao wengi wao walikuwa watu wa bara, waliacha kazi wakidai nyongeza ya ujira, na mwezi uliofuata mgomo ukaenea mji mzima. Mwaka mmoja kabla yake wenzao wa Dar es Salaam walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Mkoba wa mchukuzi wa Unguja na wa mchukuzi wa Dar es Salaam ulikuwa mtupu kwa sababu ile ile.

Hatua iliyofuata ni ya kuhuzunisha. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 siasa iliingia chini ya mikarafuu. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza waliokuwa wakilima chini ya miti yao kwa sababu walipigia kura chama kingine, na watu wa upande wa pili wakasusia maduka ya wapinzani wao. Aliyefukuzwa hakupoteza kazi tu. Alipoteza muhogo, kibanda, na jirani aliyemjua kwa jina. Tarehe 1 Juni 1961 uchaguzi ulizusha fujo, na watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengi huko mashambani. Si haki kusema kwamba njaa iliua. Mikono ya watu ndiyo iliyoua, na maneno ya wanasiasa yaliitangulia mikono. Lakini maafikiano ya zamani kati ya mwenye mti na mwenye muhogo, ambayo kwa muda wa miaka sitini yaliwafanya watu wasiolingana kuhitajiana, yalikuwa yamevunjwa kwanza. Ughali peke yake haukuleta damu. Damu ilikuja pale kinga ndogo ya maskini ilipofanywa silaha ya kumwadhibu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliitwaa ardhi, na familia zikagawiwa eka tatu tatu. Aprili mwaka ule mpaka uliowekwa mwaka 1890 ukaondolewa kwa Muungano. Hata hivyo suala la chakula halikwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Unguja ilipunguza uagizaji wa mchele ili kuwalazimisha watu kujitegemea, na foleni za chakula zikawa sehemu ya maisha.

Siku hizi kisiwa kinategemea bara kwa jambo jingine pia, nalo halionekani kwa macho. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja hupita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, kutoka katika gridi ya taifa ambamo mabwawa ya mkoa wa Morogoro, kama Kidatu, yana sehemu yake. Mwaka 2008 waya huo ulipoharibika, Unguja ilikaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja; na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena gizani miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, na maji yakawa ya kununua. Mwenye jenereta aliona usumbufu. Asiye nayo aliona bei ya ndoo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima. Utalii umechukua nafasi ya karafuu, na jambo la ajabu ni kwamba umefuata mwenendo wake: ardhi nzuri hupewa kile kinunuliwacho na wageni, na chakula huagizwa. Mpishi wa hoteli na mtumishi wake hununua nyanya sokoni pamoja, mmoja kwa mfuko wa mgeni na mwingine kwa mshahara wake. Na bahari haijaacha kudai ushuru wake. Mv. Spice Islander I ilizama Septemba 2011 katika safari ya Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Julai 2012 ikazama Mv. Skagit iliyotoka Dar es Salaam. Anayepanda chombo kibovu kilichojaa aghalabu si mjinga. Amehesabu nauli.

Januari 2014 mafuriko yalilivamia eneo la Dumila na Magole, yakabomoa nyumba na kuvunja daraja la barabara kuu, na njia ya Dodoma ikakatika. Maji hayo yaliingia Wami, kama yale ya 1872. Tofauti ni kwamba mwaka 1872 mwenye kuhesabu hasara ya tufani alihesabu mikarafuu ya Unguja na kuvisahau vijiji vya Mkata. Mwanafunzi wa historia atakayeuliza kwa nini maisha ya Unguja ni ghali, na asiulize nani wa bara aliyelipa sehemu ya bei hiyo, atakuwa amerudia hesabu ile ile.