Mkwe wa Munyigumba

Vijana wenzangu, kijiweni huwa tunabishana kwamba ndoa ni ya wawili tu. Sisi wa Madibira, tunaoishi pale Usangu inapopakana na Uhehe, tungepaswa kujua zaidi.

Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Wahehe na kupigana na Merere wa Usangu, alimwoza binti yake Mwambambe, mtu wa asili ya Unyamwezi. Hesabu ya ndoa kama hizo ni rahisi: mtu hodari akishakuwa mkwe, hataasi.

Kamba hiyo ilishika mzee akiwa hai. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, mkwe akakitaka kiti. Kikulacho ki nguoni mwako! Ndugu yake Munyigumba akauawa, nchi ikagawanyika. Ndipo Mkwawa, mtoto wa marehemu, akapambana na shemeji yake na kumwua. Mahali penyewe pakaitwa Lundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Kufikia 1881 Mkwawa alikuwa hana mpinzani Uhehe, na tarehe 17 Agosti 1891 akawashinda Wajerumani kule Lugalo.

Tukifika Lugalo sote tunapiga makofi. Lakini mimi, jamani, bado niko Lundamatwe na yule binti. Mume upande huu, kaka upande ule. Ashinde nani ndipo yeye asilie? Wanaume walimfanya daraja, kisha wakapigana juu yake.

Mkwawa ameshapata wa kumwandika. Wewe unayenoa kalamu yako, mwandike dada yake.