Lubumbashi, Mji Mkuu wa Nchi Isiyotambuliwa



Mgeni anayeingia Lubumbashi huoneshwa kwanza bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Hapo ndipo panapofaa kuanzia ziara, kwa kuwa siasa ya mji huu imezaliwa na madini. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli ilifika kutoka kusini, na Wabelgiji wakauita mji huo mpya Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, hata Kasai na Rwanda. Mnamo Desemba 1941 waligoma wakidai mishahara bora; askari wakawafyatulia risasi, na wengi wakafa.

Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Élisabethville ukawa mji mkuu wa nchi yenye sarafu, stempu na bendera yake, iliyochorwa misalaba mitatu ya shaba. Hata hivyo, hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua rasmi. Ilisimama kwa kodi za Union Minière na kwa msaada wa maafisa wa kijeshi wa Ubelgiji. Wala Wakatanga wote hawakuwa na shauri moja: Waluba wengi wa kaskazini, waliomfuata Jason Sendwe, waliipinga, na damu nyingi ikamwagika.

Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege wakiwa wamefungwa na kupigwa. Usiku uleule waliuawa porini, huko Shilatembo. Anayetaka kuielewa Lubumbashi na afike huko pia, asiishie kwenye majengo ya katikati ya mji. Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokwisha kusonga mbele, Tshombe alikubali kumaliza utengano. Mwaka 1966 mji ukapata jina la Lubumbashi.

Je, jeraha lilipona? Miaka ya 1992 na 1993, katika mkoa huuhuu, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao. Huko Likasi watu walilala stesheni kwa majuma mengi wakingoja treni. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, wana na wajukuu wa wale walioitwa kuchimba shaba. Kwa hiyo swali la mwaka 1960 lilikuwa limerudi: mji huu ni wa nani?

Tangu mwaka 2015 Lubumbashi ni makao makuu ya Haut-Katanga, mojawapo ya majimbo manne yaliyotokana na Katanga ya zamani. Mipaka imebadilika, majina yamebadilika, lakini swali lile bado husikika sokoni na wakati wa uchaguzi.

Mkifanya ziara hiyo, nendeni na mzee mmoja aliyeishi nyakati hizo. Mwulizeni wazazi wake walitoka wapi, na jirani yake alikuwa nani mwaka 1960 na mwaka 1992. Kisha kila mmoja wenu aulize vivyo hivyo nyumbani kwao, na mkutane tena kulinganisha majibu.